Viti Viwili, Bila Paa

Januari 1953 Chevrolet walionyesha jijini New York gari la watu wawili la kuendeshwa wazi, Corvette. Mwaka ule yalitoka 300 tu, yote meupe. Ford wakajibu kwa Thunderbird ya 1955, kisha mwaka 1958 wakaiongezea viti vya nyuma. Iliuzika zaidi, lakini wapo Wamarekani ambao hadi leo wanaitafuta ile ya kwanza, ya viti viwili.

Mwaha wa Kasulu angewaelewa upesi. Yeye naye ana chombo cha watu wawili kisicho na paa, na aliyekizoea hataki kingine: baiskeli nzito nyeusi yenye keria, Phoenix ya Uchina au Swala iliyotengenezwa hapa nchini. Tangu enzi za manamba, vijana wa Buha walipokwenda Tanga kukata mkonge, aliyerudi na baiskeli alionekana hakupotezea muda wake ugenini.

Itazame siku ya soko. Keria ya kiwandani haitoshi, fundi huichomelea nondo. Madumu ya mawese ya lita 20 yananing'inia huku na huku, la tatu linalala juu, na kamba yake ni tyubu kuukuu iliyochanwa, kwa kuwa mpira hubana hata njia ikiruka. Ikiwa ni mikungu ya ndizi, mwenyewe hafikirii hata kupanda. Hufunga mti kwenye usukani, akashika mti kwa mkono mmoja na mzigo kwa mwingine, akasukuma kilima hadi kilima. Mteremko ndio wenye hatari: breki za vyuma zikilowa hazishiki, ndipo soli ya kandambili inaposuguliwa kwenye tairi.

Jumapili chombo hichohicho hufutwa matope, keria ikawekwa sponji, mama akakaa upande na mtoto mgongoni, wakaenda kanisani.

Kuazima nako kuna adabu yake. Baiskeli ya jirani haiombwi kwa simu. Unakwenda, unasalimu, mnazungumzia mvua na maharage, ndipo unataja shida. Ukiirudisha, iwe na upepo. Aliyerudisha pancha akanyamaza, habari zake zitamfikia fundi kabla ya jioni, na kwa fundi hakuna siri inayolala. Ila mgonjwa akizidiwa usiku, adabu hizo huwekwa kando: mwenye baiskeli anagongewa mlango tu.

Bodaboda imechukua abiria, sibishi. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, ikiwekwa lami inaipa nguvu zaidi. Lakini bodaboda nyingi ni za matajiri, na kijana anayeiendesha hulala akiwaza hesabu ya kesho. Baiskeli haina hesabu ya kupeleka kwa mtu. Haidai petroli wala leseni, na ikiharibika, fundi aliye chini ya mwembe ana spana, solusheni na beseni la maji, basi. Mmarekani anaitunza Corvette kwa sababu ana gari jingine la kumpeleka kazini. Hapa kinachopendwa ndicho kinachofanya kazi, na kwangu hayo ndiyo mapenzi yenye akili.

Kama kwenu kuna Phoenix ya babu imeegemezwa ukutani, usiwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Mpelekee fundi, nunua tyubu mpya, umpe kijana anayeanza maisha.