Pine ya kamioneti iko kama mbegu: soma kwanza, kisha ulipe



Mara mingi katika gazeti hili tunaongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Leo nitaongea juu ya pine. Tomati inaweza kukomaa vizuri shambani, halafu ikapotelea njiani. Hiyo niliiona kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu.

Koperative moja ninayofuatilia katika bonde la Ruzizi ilikuwa na kamioneti yenye pine mbili za nyuma zilizokwisha. Komite iliniomba niende Bukavu kununua zingine, juu ya «agronome amesoma». Nilikuta pine mbili za okazioni, nyeusi, zinang'aa, meno marefu. Bei ilikuwa nusu ya pine mpya. Nililipa, nikarudi na furaha.

Wiki tatu nyuma yake, kamioneti ilikuwa inapanda Ngomo na tomati, na wamama wawili wamekaa juu ya mzigo. Pine ya nyuma ilipasuka. Gari liliegemea upande wa mlima, si upande wa korongo, ndiyo sababu leo ninaandika habari hii na si tangazo la kilio. Mama mmoja alivunjika mkono. Tomati karibu zote zilipondeka.

Kwado aliyekuja kutoa ile pine aliipangusa matope kwenye ubavu, akanionyesha namba 4: 1409. Ilitengenezwa juma la 14 la mwaka 2009. Ilikuwa na miaka zaidi ya 10. Meno yalikuwa mazuri juu ya haikutembea sana, lakini mpira wenyewe ulikuwa umekauka. Mama mwenye mkono uliovunjika aliniambia: «Agronome, weye unatukatazaka kununua mbegu bila kuangalia tarehe. Ile pine uliangalia?» Sikuwa na jibu.

Basi, tujifunze kusoma pine sawa vile tunasoma mfuko wa mbegu.

1. Tarehe

Tafuta kwenye ubavu herufi DOT. Namba 4 za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. 2322 maana yake juma la 23, mwaka 2022. Kama namba ziko 3 tu, hiyo pine ni ya mbele ya mwaka 2000: iache palepale. Wakati mwingine tarehe iko upande mmoja tu wa pine, kwa hiyo geuza uangalie pande zote mbili. Pine ikipita miaka 6, ikaguliwe vizuri kila mara. Ikipita 10, isibebe tena mzigo wala watu, hata kama meno yanaonekana mapya. Angalia pia mipasuko midogo kwenye ubavu, sawa udongo wa kiangazi. Hiyo ni dalili ya mpira uliochomwa na jua.

2. Uzito inaoweza kubeba

Hapa ndipo koperative mingi zinadanganyika. Pine mbili zinaweza kuingia kwenye janti moja ya 15, lakini nguvu zao si sawa.

Pine ya 195R15C yenye namba 106/104 ni ya kamioneti. Ile C inaonyesha kwamba ni ya gari la mizigo. 106 maana yake pine moja inabeba kilo 950. Pine ya 195/65R15 yenye namba 91 ni ya teksi: inabeba kilo 615.

Tufanye hesabu. Mzigo karibu wote unakaa juu ya pine mbili za nyuma. Tuseme gari tupu linakandamiza nyuma kilo 700.

- Pine za 106: 950 mara 2 ni 1.900. Toa 700, inabaki 1.200. Ni mifuko 12 ya mahindi ya kilo 100.
- Pine za 91: 615 mara 2 ni 1.230. Toa 700, inabaki 530. Ni mifuko 5 tu.

Ukipakia mifuko 12 juu ya pine za teksi, unaomba zipasuke. Na hata pine zikiwa na nguvu sana, usipite uzito ulioandikwa kwenye karatasi za gari, juu ya breki na resori hazikubadilika.

3. Meno

H/T ni ya lami. M/T ina meno makubwa ya matope, lakini kwenye lami inakwisha haraka. A/T iko katikati. Kwa koperative inayotoka shambani kwenye matope na kumalizia safari kwenye lami, A/T inafaa mara mingi. Ndani ya mifereji ya pine kuna vinundu vidogo: meno yakifika sawa navyo, pine imekwisha. Wakati wa mvua, badilisha mbele ya kufika pale.

4. Vidonda

Tundu la msumari katikati ya meno, kwado anaweza kuliziba. Kidonda cha ubavu hakizibwi. Pine iliyoshonwa na kamba, hata ikiwekwa shambirere ndani, isipande mlima na mzigo. Pitisha mkono ndani ya pine ya okazioni mbele ya kulipa: utasikia viraka na nyuzi.

5. Upepo

Presio sahihi imeandikwa kwenye mlango wa shofere, si kichwani mwa mtu. Pima asubuhi, pine zikiwa baridi. Gari likipakia, za nyuma zinahitaji upepo zaidi kuliko za mbele. Pine yenye upepo kidogo inajikunja, inapata moto, inapasuka. Na kama shofere alipunguza upepo ili kutoka kwenye matope, aujaze tena mbele ya kuendelea na safari.

Kwa komite

Pine mbili za ekseli moja ziwe za aina moja na kipimo kimoja. Kama pesa inatosha mbili tu, zile mpya ziende nyuma. Omba faktire, na andika ndani ya daftari la gari: namba za tarehe, siku ya kununua, kilometa. Kila safari ikilipa, weka kando pesa kidogo ya pine, sawa vile tunaweka mbegu ya msimu unaokuja. Koperative isiyoweka itanunua kwa haraka, na ya haraka ndiyo ile niliyoinunua miye.

Komite ile sasa ina kanuni mbili. Ya kwanza: hakuna mutu anayekaa juu ya mzigo. Ya pili: hakuna pine inayolipwa mpaka watu wawili wasome tarehe kwa sauti. Mmoja wao ni yule mama. Mkono wake umepona, ila mifuko mizito haubebi tena.