Mikono Inayolegeza Misuli ya Wanariadha wa Eldoret

Huko Kaptagat, kwenye nyanda za juu karibu na Eldoret, ambako Eliud Kipchoge alijiandaa kabla ya kukimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kuchuliwa misuli ni sehemu ya kawaida ya maisha ya mwanariadha. Mchuaji hupaka mafuta, huanza kwa kupapasa taratibu kutoka kifundo cha mguu kwenda juu, kisha hutumia kidole gumba kutafuta mafundo, yaani sehemu za msuli zilizokaza, kwenye shavu la mguu na nyuma ya paja. Panapouma hutulia, akisubiri msuli ulegee wenyewe.

Imani kwamba kuchua huondoa asidi ya laktiki misulini haina msingi, kwa kuwa mwili wenyewe huiondoa ndani ya takribani saa moja baada ya mbio, ilhali maumivu ya siku ya pili huhusishwa na michaniko midogo mno ya nyuzi za misuli. Faida ya kuchua ni ya wastani: maumivu hupungua, lakini kasi haiongezeki, jambo ambalo baadhi ya wachuaji hawapendi kulitaja.

Farasi wa mashindano nao huchuliwa shingoni, mabegani na mapajani. Ila, kwa kuwa farasi hasemi, mchuaji hutazama masikio yaliyolazwa nyuma, mkia unaopigapiga au mdomo uliolegea kwa raha, na palipo na jeraha, joto au uvimbe humwachia kazi daktari wa mifugo.