Ramani Mbili na Njia ya Majani Chai

Paukwa! Pakawa! Leo, watoto wa Litein, sina Sungura wala Fisi. Nina ramani mbili zilizokataa kuwa moja.

Ya kwanza ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na Steve Coast. Yeyote anaweza kuichora, na yeyote anaweza kuichukua, hata aichapishe na kuiuza, bora ataje ilikotoka. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakatia kwenye ramani hiyo vyoo, mabomba ya maji na zahanati za mtaa wao.

Ya pili ni Map Maker ya Google, iliyoanza 2008. Nayo iliwaalika wananchi wachore, na Wakenya waliitikia. Ila humo, masharti ya kutumia michoro yaliwekwa na kampuni.

Sasa fikirieni njia ya udongo mwekundu inayotoka mashambani kwenu hadi kituo cha kununulia majani chai, ile inayokwamisha lori kila mvua inyeshapo. Huyu anaichora kwenye ramani moja, jirani yake kwenye nyingine. Kazi ile ile, jasho mara mbili! Si afadhali ziungane?

Ngojeni kwanza. Ramani moja ikionyesha daraja na nyingine isionyeshe, mtu atakwenda mtoni kuhakikisha. Ramani ikiwa moja tu, nani atashuku?

Basi Machi 2017 Google ikaifunga Map Maker. OpenStreetMap haikuweza kuokota michoro ile, kwani kanuni zake zinakataza kunakili ramani za Google. Aliyetaka njia yake iwemo ilimbidi aichore upya.

Mambo yalikuwa tofauti kwa Wikitravel, mwongozo wa wasafiri ulioanza 2003. Ulipouzwa kwa kampuni mwaka wa 2006, baadhi ya waandishi walihama na maandishi yao, wakaanzisha Wikivoyage. Mwaka wa 2012 wengine wengi wakawafuata, na kazi yao ikaunganishwa. Leseni huru ya maandishi hayo iliwaruhusu kutengana, ikawaruhusu pia kukutana.

Kwa hiyo miradi na ishindane au iungane, mradi kazi ya watu isifungiwe. Nanyi mkitaka kuchora njia ya kwenu, ulizeni kwanza: siku nikihama, nitaruhusiwa kuondoka na mchoro wangu? Mkijibiwa hapana, tafuteni ramani nyingine.