Yash Tandon na Biashara Inayopita Changamwe

Kila asubuhi barabara za hapa kwetu Changamwe hujaa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu, na malori yanayotoka bandarini Kilindini. Tukikutana vikundini tunasema, "Jamani, maisha yamekuwa magumu," na maneno yanaishia hapo. Lakini bei ya shati na mshahara wa anayelishona hazianguki kutoka mbinguni. Zinafuata kanuni, na kanuni zina wenyewe: kuna watu waliokaa kitako wakaziandika. Basi wako wasomi ambao kazi yao ya maisha ni kuzisoma kanuni hizo na kuuliza ni nani atakayepata na ni nani atakayelipa. Huo ndio uchumi wa utandawazi na maendeleo. Mmoja wa wasomi hao ni wa kwa jirani, Profesa Yash Tandon wa Uganda, na tumeona tuwaeleze kazi yake kwa sababu inatugusa hapa hapa.

Tandon alizaliwa Uganda mwaka 1939, katika jamii ya Wahindi wa huko. Alisoma London, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Idi Amin aliposhika nchi ilibidi aondoke, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akawa miongoni mwa waliopanga kumwondoa Amin. Amin aliondoka mwaka 1979, lakini mwaka uliofuata wanajeshi wakapindua tena, na Tandon akawa mkimbizi mara ya pili. Aliishi Kenya, kisha Zimbabwe. Tunayataja haya kwa ufupi ili mjue kwamba huyu si msomi wa kukaa ofisini tu.

Kazi iliyompa jina ilianza baada ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, kuundwa mwaka 1995. Desemba 1996 mawaziri wa biashara walikutana Singapore. Mambo mazito yalizungumzwa katika vyumba vya ndani ambamo nchi chache tu zilikaribishwa. Wengine, wakiwemo Waafrika wengi, walingoja nje, na mwishowe wakaletewa maandishi wayakubali. Hebu fikirini katibu wa kikundi anaitwa kutia sahihi mkopo ambao hakusomewa riba yake! Ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1997 Tandon na wenzake wakaanzisha taasisi iitwayo SEATINI, ya kuwapa wajumbe wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini habari na mafunzo kuhusu mapatano ya biashara. Kazi yenyewe haina shangwe: kusoma karatasi nene, kueleza neno moja linaficha nini, kumwandaa mjumbe asiingie mkutanoni mikono mitupu. Lakini matunda yalionekana. Septemba 2003 huko Cancún, Mexico, nchi tajiri zilitaka kuongeza kanuni mpya juu ya uwekezaji, ushindani na manunuzi ya serikali. Nchi za Afrika na nyingine maskini zilikataa, na mkutano ukavunjika. Mwaka uliofuata mambo hayo matatu yakaondolewa mezani. Si kazi ya mtu mmoja, wala hatusemi hivyo, ila mara hii wajumbe wetu walikuwa wamesoma.

Tangu 2005 hadi 2009 Tandon aliongoza Kituo cha Kusini kule Geneva, taasisi ya nchi zinazoendelea iliyotokana na Tume ya Kusini ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2008 alitoa kitabu kuhusu kuacha kutegemea misaada, na Rais mstaafu Benjamin Mkapa akakiandikia dibaji. Mwaka 2014 akatoa kingine ambacho jina lake lenyewe linasema biashara ni vita.

Shati la mtumba na shati la EPZ

Vita vipi, mtauliza, na sisi tunauza na kununua kwa amani? Tuchukue nguo.

Sheria ya maeneo ya EPZ ilipitishwa Kenya mwaka 1990. Mwaka 2000 Marekani ilitoa mpango wa AGOA, unaoruhusu nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka Asia. Kwa hiyo kitambaa kinashuka Kilindini, kinashonwa viwandani huku kwetu bara, kisha kinarudi Kilindini kwenda Marekani. Mkulima wa pamba wa Lamu, kwa sehemu kubwa, hayumo katika safari hiyo. Wakati huo huo, tangu soko lilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, mitumba inashuka bandari ile ile na kupanda Kongowea. Viwanda vyetu vya kusokota na kufuma vilikuwa na matatizo yao mengine, lakini mitumba ilivimalizia pumzi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe, ili viwanda viamke. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Jibu likawa: mkizuia mitumba, mnaweza kuondolewa AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza kamba, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo.

Sasa mnaona? Binti anayeshona EPZ na mama anayefungua robota la mitumba wamefungwa kwa uzi mmoja, na aliyeshika ncha yake yuko mbali. Muda wa AGOA uliisha Septemba 30, 2025, na neno la kuuongeza ni la Wamarekani, si letu. Hoja ya Tandon ni kwamba hakuna nchi iliyojenga viwanda bila kuvilinda kwanza. Kwa hilo twamuunga mkono. Lakini hatutasema mitumba ifungwe kesho, maana wengi wetu tumesomesha watoto kwa hiyo mitumba, na kibarua cha EPZ, pamoja na ugumu wake, ndicho kinachotia sufuria jikoni katika nyumba nyingi za Changamwe.

Mapatano na Ulaya

Jambo jingine ambalo Tandon na SEATINI walilipinga miaka mingi ni mapatano ya EPA kati ya Ulaya na nchi zetu. Ulaya inafungua soko lake, nasi tunafungua letu. Tanzania na Uganda zinahesabiwa katika nchi maskini zaidi, hivyo bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru hata bila EPA. Kenya haimo katika kundi hilo. Ndiyo maana mwishoni mwa 2014, mapatano yalipochelewa, maua yetu yalitozwa ushuru Ulaya kwa miezi kama mitatu, na Tanzania haikuumia. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kutia sahihi. Kenya ikaendelea, hatimaye peke yake, na ikatia sahihi Desemba 2023.

Lakini kuna habari ambayo wengi hawakuisikia. Mwaka 2007 wakulima wadogo wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba mazungumzo hayo yanafanywa bila wao. Oktoba 2013 mahakama iliamuru serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha na kuwaeleza wananchi. Wakulima wadogo, watu kama sisi. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe.

Mapatano na Ulaya yalianza kutumika Julai 1, 2024. Ushuru wa bidhaa za kwao utashushwa kwa hatua, hadi miaka 25, na baadhi ya bidhaa zimewekwa kando zilindwe. Kikundi kinachofuga kuku, kinachouza maziwa au kinachoshona sare za shule kinaweza kuuliza hivi: je, bidhaa yetu imo katika orodha ya kulindwa au ya kufunguliwa, na kama ni ya kufunguliwa, ni mwaka gani? Barua iandikwe kwa mbunge, nakala kwa Wizara ya Biashara, ikiwa na muhuri wa kikundi na sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina.