Ndege wa Tanga Mbili

Vitabu vingi vya ndege vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao habari ya ndege wahamao ni habari ya mwezi wa tatu na wa nne: theluji inayeyuka, miti inachipua, mbayuwayu anarudi kwenye banda alilozaliwa. Mtu wa Kiuyu akisoma kitabu cha namna hiyo ataona kalenda imepinduliwa. Mwezi huohuo wa tatu, masika yanapoanza kupiga mabati, mbayuwayu ndio wanamuaga. Kwake msimu wa kupokea huanza mwezi wa nane, upepo wa kusi ukiwa bado una nguvu, ukapamba moto kwenye tanga mbili, zile wiki za Oktoba na Novemba ambapo kusi imechoka na kaskazi haijashika.

Kiuyu ni ile rasi ya kaskazini mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Upande mmoja kuna Bahari ya Hindi wazi, upande mwingine maji ya ndani yenye mikoko. Udongo ni mchache juu ya mawe ya matumbawe, na mkulima wa huko hana sababu ya kujisifu mbele ya mwenzake wa upande wa mikarafuu. Lakini kwa ndege wa pwani, rasi hii ni neema. Maji yakitoka, eneo la matope, mchanga na majani ya bahari linaloachwa wazi ni kubwa, na limejaa kaa, funza wa baharini na chaza wadogo. Nyumba nyingi ziko mwendo mfupi tu kutoka hapo. Ukitaka kuwatazama ndege waliovuka mabara, huhitaji kufunga safari, unatoka uani.

Wa kwanza kumtafuta ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa mwili wake. Urefu wake ni kama sentimita 40. Wanasayansi humwita Dromas ardeola, na chakula chake kikuu ni kaa. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, shingo ameiinamisha, kisha huchoma. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hupigwa na kutikiswa mpaka magando yang'oke, kisha kiwiliwili hufuata.

Maisha yake ni ya ajabu. Huzaa kwenye visiwa na fukwe chache za joto kali: Ghuba ya Uajemi, pwani ya Oman, Bahari ya Shamu mpaka Eritrea na Somalia. Jamaa zake wengi wa pwani hutaga juu ya ardhi. Yeye huchimba shimo refu mchangani, likapinda kwenda chini, na mwishoni hutaga yai moja jeupe. Wengine hutaga mayai yenye madoa ili yasionekane na adui. Yeye hana haja hiyo, kwa kuwa yai limo gizani. Mchanga wenyewe, kwa joto lake, humsaidia kulitamia, naye mzazi anapata nafasi ya kwenda kuvua kaa. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, na sehemu kubwa yao hupitisha miezi yao isiyo ya kuzaa kwenye pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska.

Kutoka Oman hadi Pemba ni zaidi ya kilomita 3,000. Familia nyingi za Pemba zina ndugu Maskati na zinaijua njia hiyo kwa pasi na tiketi. Ndege huyu huja na mwanawe. Ukitulia pwani mwezi wa tisa au wa kumi utamwona ndege wa rangi iliyofifia, mgongo wa kijivu badala ya mweusi, anamfuata mkubwa huku akilia mfululizo, na mkubwa anampa kaa. Ameshavuka bahari, amekaa miezi, na bado analishwa. Si ndege wengi wa pwani wanaoendelea kumlea mtoto baada ya safari ya namna hiyo.

Mlinganishe na kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, anayezaa kwenye tundra ya Siberia, hasa rasi ya Taimyr. Dume haatamii wala halei. Huondoka mapema, hata kabla ya vifaranga kukua. Mama hufuata. Watoto huja peke yao baadaye, bila mtu mzima wa kuwaonyesha njia. Ndiyo maana pwani za Afrika Mashariki huwapata wakubwa kwanza, kuanzia mwisho wa Julai na Agosti, baadhi bado wana mabaka ya wekundu wa kutu kifuani, na vijana huonekana zaidi kuanzia Septemba. Kijana wa miezi miwili hivi, mwenye uzito wa gramu hamsini na kitu, ameipata pwani ya Afrika bila kuonyeshwa.

Anaijuaje njia? Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kwamba ndege wahamao hutumia zaidi ya dira moja: jua mchana, nyota usiku, na nguvu ya sumaku ya dunia wakati wote. Mwelekeo wa kwanza huzaliwa nao. Ujuzi wa mahali maalumu, kwamba matope haya yana chakula na yale hayana, huupata kwa kuishi, na ukishapatikana hausahauliki kirahisi. Ndege wengi wa pwani hurudi sehemu ileile mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo yule ndege aitwaye sululu anayesimama kwenye jiwe lilelile mbele ya kijiji chako huenda kweli ndiye wa mwaka jana.

Swali gumu zaidi kwangu ni la kuondoka. Kule kaskazini mchana hurefuka na kufupika kwa saa nyingi, na ndege husoma mabadiliko hayo kama sisi tunavyosoma mwezi mwandamo. Pemba iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hutofautiana kwa dakika kama thelathini na tano. Anayeishi Kiuyu ataijuaje Aprili? Mwanasayansi wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwaweka ndege wadogo wahamao ndani ya vyumba ambamo mwanga na joto havikubadilika, mchana saa kumi na mbili, usiku saa kumi na mbili, mwaka mzima. Hata hivyo walibadilisha manyoya kwa zamu, walinenepa, na majira ya safari yalipofika walihangaika usiku kucha ndani ya tundu. Mwilini mwao mna saa ya mwaka, nayo haikukatika kwa kukosa jua la kuirekebisha, ingawa ilipotea njia kidogo kidogo.

Saa hiyo ndiyo unayoiona ikifanya kazi Machi. Ndege wa kijivu huanza kupata rangi: kitwitwi wa Siberia hugeuka mwekundu, wengine huvaa weusi kifuani. Hula bila kupumzika. Yule wa gramu hamsini na kitu hukaribia themanini, na nyongeza ni mafuta matupu, maana ndiyo petroli ya safari. Hapa nina neno kwa vijana wenye manati na kwa wanaopenda kukimbiza kundi ili lipae wapige picha: Septemba ndege aliyefika akirushwa atatua mbele akaendelea. Machi kila kurushwa kunakula akiba anayoihitaji kuvukia jangwa na bahari. Waacheni wale.

Sasa namna ya kutazama. Darubini inasaidia, lakini jambo la kwanza ni kujua maji, na hapo mtu wa Kiuyu ana elimu ambayo mtalii hununua. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na huo ndio wakati wanawake wako kwenye mashamba ya mwani, wanafunga tai-tai, zile nyuzi za kufungia mwani, na kukaza kamba kwenye vigingi. Ndege nao wapo, lakini wametawanyika mbali kabisa, vidoa tu. Usijichoshe. Subiri mchana. Maji hujaa karibu na saa kumi jioni, na kuanzia saa nane na nusu hivi yanaanza kuwasukuma kuelekea nchi kavu, mpaka wanajibana pamoja kwenye ukanda mwembamba wa mchanga au juu ya mawe. Upande wa mashariki wa rasi, saa hizo jua liko mgongoni kwako na linawaangaza wao. Kaa chini, usitembee, na hesabu. Maji mafu hayakupi nafasi hiyo. Bahari haitoki sana wala haijai sana, na ndege hubaki wamesambaa.

Mtazame sululu hasa. Mdomo wake mrefu uliopinda si pambo. Mashimo ya wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa nayo hupinda, na mdomo huingia ukafuata kona. Akimtoa kaa mwenye tope humsuuza kwenye dimbwi, akamng'oa miguu, ndipo akammeza.

Wanaokuja mpaka uani kabisa, kwenye miti na nyaya za umeme, ni kundi jingine. Mbayuwayu wa Ulaya na Asia hujipanga kwenye waya kuanzia Oktoba. Ni gramu ishirini tu. Mwaka 1911 Mwingereza John Masefield alimvisha mmoja pete mguuni huko Staffordshire, na Desemba 1912 ndege huyohuyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Hapo ndipo ubishi wa muda mrefu kuhusu wanakokwenda ulipoanza kuisha. Keremkerem wa kaskazini nao hupita, wakidaka nyuki na kereng'ende hewani.

Hao kereng'ende wanastahili safu yao. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia wa bahari aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza kwamba mamilioni yao hufika visiwa hivyo kila Oktoba wakitokea India, na kwamba huenda upepo unawaleta mpaka Afrika Mashariki, kufuata mvua za vuli. Juu ya njia hiyohiyo hupita kozi mdogo wa Amur, anayezaa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Mwaka 2013 watatu walifungwa vifaa vya setilaiti huko Nagaland, India, wakafuatwa wakivuka Bahari ya Arabuni moja kwa moja, siku kadhaa bila kutua, kwa sababu kozi hana pa kutua majini. Wengi wanaamini anakula kereng'ende haohao njiani. Upepo uliowaleta wenye majahazi kwa karne nyingi unamsukuma ndege wa gramu mia moja na hamsini, na chakula chake kinasukumwa naye.

Ni rahisi kudhani kwamba wote wakishaondoka Aprili, rasi inabaki tupu. Haibaki. Baadhi ya sululu na Dromas ardeola wachanga hawaendi popote mwaka wa kwanza. Hawajafika umri wa kuzaa, na safari ya bure haina faida. Utawaona Juni katika baridi ya kipupwe, wamebaki na rangi zao zilezile. Na wakati huohuo upande wa pili wa bahari unafunguka, kwa sababu kusini mwa ikweta miezi hiyo ndiyo ya baridi. Kutoka Bukini, yaani Madagaska, huja keremkerem wa kijani iliyofifia mwenye utosi wa kahawia, na kule Kenya, mdomo wa mto Sabaki karibu na Malindi, hufika makundi ya ndege wadogo wa mchangani ambao huzaa Madagaska peke yake. Huja pia kulasitara wa Bukini, aliyemo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Huyu ni wa kumtafuta kwenye mabonde ya mpunga na madimbwi kuanzia Mei mpaka Oktoba, na anahitaji subira. Nyumbani kwake akizaa ni mweupe pe, mdomo wa buluu. Akifika huku amevaa michirizi ya kahawia, karibu sawa na kulasitara wa kawaida. Tazama mdomo, wake ni mnene zaidi, na michirizi ya kifuani, yake ni mipana na imekolea. Ukiwa na shaka, piga picha na uandike tarehe na bonde ulilomwona, kwa maana kumbukumbu za ndege huyu Pemba zinahitajika kuliko za mbayuwayu mia.