Mzigo Wako Upitie Bandari Gani?

Wakala wa mizigo akitaka kukuvuta, atakwambia mzigo wako "unapitia bandari kubwa". Muulize: kubwa kwa lipi? Kwa kina cha maji, kwa wingi wa makontena, au kwa meli zinazopokezana mizigo hapo? Kinachogusa mfuko wako zaidi ni hicho cha mwisho.

Chukua Lamu. Gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021 likiwa na kina cha mita 17.5, kinachotosha meli kubwa kabisa za makontena. Hata hivyo, meli nyingi bado huenda Mombasa, ambayo mwaka 2024 ilihudumia makontena kama milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Singapore mwaka huohuo ilipitisha zaidi ya milioni 41, na Shanghai ikavuka 50. Ila sehemu kubwa ya makontena ya Singapore si ya watu wa Singapore. Yanashushwa meli moja, yanapangwa uwanjani, kisha yanapakiwa nyingine. Bandari ya namna hiyo huitwa kitovu. Kwa mizigo inayokuja pwani yetu, Jebel Ali ya Dubai na Salalah ya Oman zinafanya kazi hiyohiyo.

Njia ya kitovu mara nyingi ina nauli nafuu, maana meli kubwa inagawa gharama za safari kwa makontena mengi. Unacholipia ni subira. Kontena likikosa meli ya kuunganisha, linalala uwanjani mpaka ipatikane nyingine, na hakuna wa kukufidia. Zipo pia meli zitokazo China hadi Dar es Salaam au Mombasa ambazo, hata zikitia nanga njiani, kontena lako halishuki. Kwa vigae, mabomba au vipuri, mimi ningechukua kitovu bila kusita. Kwa nguo za Idi, hapana: zikifika Mfunguo Pili utaziuza kwa nani?

Lakini wanaoumia zaidi si wenye makontena yao, ni wanaochangia kontena. Hapo nauli hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Kabati la mita 2 za ujazo lenye kilo 300 litalipiwa mita 2. Betri za gari zinazojaza nusu mita tu lakini zina tani moja zitalipiwa tani moja. Halafu kuna mtego: nauli ya baharini inatajwa ndogo ajabu, hata karibu na bure, kumbe faida imefichwa upande wa kupokelea. Mzigo ukifika unakutana na ada ya kufungua kontena, ada ya hati ya kuruhusu mzigo, ya kupakua, ya bandari kavu. Kodi bado hujaigusa.

Mzigo ukifika mita 12 hadi 15 za ujazo, omba bei ya kontena zima la futi 20 na uilinganishe na ya kuchangia. Hutalijaza, maana ndani lina mita 33 hivi, lakini pengine utalipa kilekile na ndani ya lakiri ukawa mzigo wako peke yake. Futi 40 si bei mara mbili ya futi 20, kwa hiyo linafaa kwa magodoro na sofa. Vigae vitafikia kikomo cha uzito kabla hujafika katikati yake.

Ukishalipia kontena zima, hesabu siku za aina mbili. Bandari inakupa siku za bure za kuhifadhi, na kampuni ya meli inakupa siku zake za kutumia kontena. Huenda zisianze wala kuisha pamoja, na kila upande una tozo yake. Unaweza kuutoa mzigo bandarini mapema na bado ukadaiwa kwa kuchelewa kurudisha kontena tupu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata malipo ya awali, dai bei ya maandishi yenye mambo manne: bandari ya kushushia, kama kontena litahamishwa njiani na wapi, ada zote za upande wa kupokelea, na siku za bure za pande zote mbili. Wakala asiyetaka kuandika hayo, tafuta mwingine.