Zabuni, Kandarasi na Haki ya Kusafiri: Mfano wa Usafiri wa Watu Wenye Ulemavu Nchini Marekani

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii hutukumbusha kwamba ulemavu si jambo la kuchekwa wala la wengine pekee. Hata hivyo, huruma haimfikishi mtu kazini. Makala haya yanalenga kueleza namna mamlaka za usafiri nchini Marekani zinavyotekeleza haki ya kusafiri, na jinsi kandarasi inavyoweza kuikuza au kuidhoofisha haki hiyo.

Haki yenyewe haikutolewa bwerere. Mnamo Julai 1978, wanaharakati 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi mjini Denver, wakidai yawekewe lifti za viti vya magurudumu. Miaka 12 baadaye, tarehe 26 Julai 1990, Rais George H. W. Bush alitia sahihi Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mamlaka yenye mabasi ya njia maalumu sharti itoe pia usafiri wa ziada kwa wale ambao ulemavu wao unawazuia kuyatumia mabasi hayo.

Kanuni za usafiri huu ni bayana. Huduma hufika umbali wa robo tatu ya maili, yaani takriban kilomita 1.2, kila upande wa njia ya basi, siku na saa zile zile basi linapohudumu. Nauli haizidi maradufu ya ile ya kawaida, na msaidizi wa abiria halipi. Anayeagiza gari leo anastahili kusafiri kesho. Aidha, ni mwiko kuipa safari moja kipaumbele juu ya nyingine kwa kuzingatia madhumuni yake: aendaye hospitalini na aendaye arusini ni sawa.

Je, nani huliendesha gari? Mara nyingi si mamlaka yenyewe. Zabuni hutangazwa, kampuni zikashindana, na mshindi akapewa kandarasi. Pengine kampuni moja hupokea simu na kupanga safari, ilhali nyingine huajiri madereva; magari nayo huweza kuwa ya mamlaka au ya kampuni. Mjini Boston, mamlaka ilianza mwaka wa 2016 kujaribu kuwalipia baadhi ya abiria hao safari za Uber na Lyft.

Kiini cha suala hili ni malipo. Kampuni ikilipwa kwa kila safari, hushawishika kuwarundika abiria wengi garini na kuwazungusha mji mzima. Ikilipwa kwa saa, haina sababu ya kuharakisha. Kwa hivyo, mikataba mingi huweka faini za uchelewaji na tuzo za utendaji bora. Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kutega sikio, kwani maana ya “kwa wakati” huamuliwa na mkataba. Pale ambapo mkataba unaruhusu kipindi cha nusu saa, gari lililoahidiwa kati ya saa mbili na saa mbili na nusu likifika saa mbili na dakika ishirini na tisa halijachelewa, hata kama abiria ameshanyeshewa.

Hata hivyo, kukodisha kazi si kukodisha wajibu. Kisheria, mamlaka ndiyo inayowajibika mwanakandarasi anapokiuka kanuni. Isiposimamia kandarasi yake, haki hubaki karatasini.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma ipasavyo. Neno “ipasavyo” ni pana mno. Wamarekani walilipimia lao kwa maili, saa na nauli, ndipo abiria akapata la kushtakia. Sisi wanalugha tunapotafsiri na kufasiri sheria, na tuulize: ipasavyo ni kiasi gani, na nani atakayejibu gari lisipofika?